Nilimwambia ofisa apime watoto kwa meno: yaliyotokea Macalder

Wakuu,

Kama kuna neno moja ningeweza kulirudisha mdomoni, ni lile nililolisema barazani Macalder, miaka michache baada ya Uhuru, nikiwa karani wa chifu. Ofisa wa kazi aliuliza sisi huku tunamjuaje mtu mzima. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema waulize mama zao, wamekaa hapo. Nilisimama nikajibu.

Nawasalimu kutoka Nyatike. Mimi ni mzee, macho yananisumbua, na mjukuu wangu ndiye ameniwekea hili jukwaa kwenye simu. Juzi nimesoma uzi wa kijana mmoja humu kuhusu watoto wanaosafisha mchanga wa dhahabu migodini. Wengi mmecheka, mmoja akaandika kwamba watoto wa huku wamezoea, wacha watafute. Sikulala vizuri. Nitawaeleza jinsi ilivyokuwa, bila kujipaka mafuta.

Kwa wasiopajua, Macalder kulikuwa na mgodi mkubwa wa wazungu. Wakati ninaozungumzia mgodi ulikuwa unaelekea kufungwa, mashine nyingi zimenyamaza, lakini yalibaki marundo ya mawe na mchanga yenye dhahabu kidogo kidogo. Wakaja makontrakta wa kuyapekua.

Mmoja wao nitamwita Wasonga. Alikuwa na duka, baiskeli yenye kengele mbili, na kofia ya kaki ambayo hakuivua hata kanisani. Mtu mcheshi. Ukipita dukani kwake hutoki bila kucheka.

Wasonga alitumia watoto. Wakubwa walitaka mshahara, watoto walitaka vitu. Wavulana walivunja mawe kwa nyundo, wasichana walibeba kokoto kwa karai hadi mtoni na kuchekecha mchanga wakiwa wamezama hadi magotini. Jioni mtoto anarudi nyumbani mweupe kwa vumbi, kope na nyusi, kama mtu aliyepakwa majivu. Malipo yalikuwa sukari, sabuni, kitambaa. Wazazi wengine walinyamaza kwa sababu sukari ilifika mezani.

Sheria ilikuwepo. Hili nataka vijana mlielewe. Tangu wakati wa mkoloni sheria ilikataza mtoto kuajiriwa kazi za namna hiyo. Ilikuwa kwenye kabati la ofisi yetu, nimeipangusa vumbi mwenyewe. Sheria ikikaa kabatini haimkamati mtu.

Aliyeitoa kabatini ni mwalimu wa kike, Msabato, Mwalimu Dorsila. Darasa lake lilikuwa linapungua kila wiki na alijua wanafunzi wameenda wapi. Alikuja ofisini akaniomba nimsomee kifungu kile kwa sauti, akakinakili, akaandikia idara ya kazi. Hakujibiwa. Akaandika tena. Watu walimtania wakamwita Wakili wa Watoto, na kwa kuwa hakuwa ameolewa, wakaongeza kwamba mtu asiye na mtoto ndiye hulia zaidi ya mama. Aliyasikia yote. Aliendelea kuandika.

Mwishowe ikaja habari kwamba ofisa wa kazi atafika, baraza liitishwe.

Sasa shida ilikuwa umri. Wakati ule huku cheti cha kuzaliwa kilikuwa kitu cha kusikia tu. Wasonga alikuwa tayari kusema hao si watoto, ni watu wafupi. Msicheke, alilisema hilo kwa uso mkavu.

Mwalimu Dorsila alilijua hilo mapema. Alizunguka nyumba kwa nyumba akakusanya akina mama. Mama hasahau. Huyu alizaa wakati wazungu wanaleta mashine yao ya pili, yule wakati barabara ya Sori inachimbwa, mwingine mwaka ambao mvua ilikataa na watu wakala mizizi. Hayo ni mambo ambayo serikali ilikuwa na tarehe zake. Ukiweka neno la mama upande mmoja na tarehe ya serikali upande mwingine, unapata miaka ya mtoto. Kazi ya siku nzima, lakini kazi safi.

Asubuhi ya baraza Wasonga alikuja ofisini kabla ya watu. Chifu alikuwa anakunywa chai. Wasonga akaketi, akavuta kiti karibu na changu.

Aliniambia, "Omera, ndugu yangu, wewe ndiye utamtafsiria yule ofisa, mtu wa Pwani. Akiuliza tunajuaje mtu mzima, mwambie mila yetu. Si uongo. Baba yako alijulikana mtu mzima kwa alama gani?"

Nilijua anachosema. Zamani Mjaluo akifika umri wa kutosha aling'olewa meno sita ya chini, ya mbele. Tunaita nak. Fundi wake tulimwita janak, alikuwa na chuma chake kidogo kama patasi. Ukishang'olewa wewe si mtoto tena, hakuna wa kukufokea kama mtoto, unaweza kuposa au kuposwa. Baba yangu alikuwa na pengo hilo, mama pia. Mimi sikuwa nalo. Nilisoma shule ya misheni na misheni hawakutaka mambo hayo.

Nikamtazama chifu. Akasema amechoka na kelele za huyo mwalimu, tumalize leo leo, watu wakalime.

Na sasa niseme kilichokuwa kichwani mwangu, maana sikuhongwa hata kikombe cha chai. Nilifikiri Wasonga amejichimbia shimo mwenyewe. Watoto wake karibu wote walikuwa wa nyumba za Wakristo, midomo imejaa meno. Nikasema moyoni, huyu mtu hajasoma, hajui anachoomba. Kwa kipimo hicho atabaki na wavulana wawili watatu, na akina mama hawatahitaji kushinda juani. Mimi nitaonekana nimemaliza kesi kwa sentensi moja.

Nilikuwa kijana niliyesoma sekondari. Wachache tulikuwa tumefika huko. Usomi una sumu yake, unajiona unajua kuliko wote.

Baraza lilijaa. Ofisa alikuwa mtu mpole, Kiswahili chake kimenyooka mpaka wazee wakawa wanamsikiliza kama redio. Akasoma sheria. Akauliza miaka ya watoto. Mwalimu Dorsila akainuka akasema akina mama wako hapa, naomba wasikilizwe mmoja mmoja.

Ofisa akatazama ile safu ya akina mama. Akatazama jua. Akauliza kama hakuna alama ambayo yeye mwenyewe anaweza kuiona kwa macho.

Nikasimama.

"Bwana ofisa, kwetu mtu mzima anajulikana mdomoni. Aliyeng'olewa meno sita ya chini ni mtu mzima. Asiyeng'olewa ni mtoto."

Wazee wakaitikia kwa kichwa, maana ni kweli. Mzee mmoja aliyekuwa kibogoyo akauliza, na yeye ambaye yametoka yenyewe pamoja na ya juu, ahesabiwe mtu mzima mara mbili? Watu wakacheka. Mama mmoja nyuma akasema kwa Kijaluo kwamba basi ofisa naye ni mtoto, aende akanyonye. Nilipotafsiri ofisa akacheka mpaka akafuta machozi. Lilikuwa baraza la furaha. Hilo ndilo linaloniuma nikilikumbuka, tulicheka sana.

Watoto wakapangwa, wakaambiwa wafungue midomo. Karibu wote walikuwa na meno. Ofisa akamwamuru Wasonga awaachishe kazi siku hiyo hiyo, na asiajiri tena ambaye hana alama. Wasonga akavua kofia. Mara ya kwanza kumwona kichwa. Akasema serikali imesema, nani abishe.

Nilijiona shujaa. Nilimwendea Mwalimu Dorsila nikitegemea asante.

Akaniuliza polepole, "Na wakienda kung'olewa?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Mwalimu, nani siku hizi anang'oa meno? Sisi si Wakristo?"

Aliniacha hapo akaenda kuwaomba msamaha akina mama kwa kuwapotezea siku.

Kati ya watoto walioachishwa alikuwemo Akinyi, mtoto wa dada yangu Yunia. Yunia alikuwa mjane, anauza samaki Sori, na Akinyi aliishi kwetu na bibi yake. Mwembamba, ana maneno mengi. Alikuwa akiniletea chakula ofisini, anakaa kwenye ngazi kunisubiri nimalize ili arudishe bakuli, na hapo katikati anakuuliza kila kitu, kwa nini mhuri ni wa mviringo, kwa nini chifu anakoroma mchana.

Alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu Dorsila. Aliacha kwa kukosa gauni la shule. Wasonga alikuwa amemwahidi kitambaa cha bluu baada ya kazi ya muda fulani, na muda ulikuwa umekaribia kwisha siku ofisa alipokuja.

Kwa hiyo siku ile ya ushindi wangu Akinyi alirudi nyumbani analia.

Mimi ni ner wake, yaani mjomba, ndugu wa mama; yeye huniita nera. Kwetu ner ndiye mtoto hukimbilia akikosa. Nilikuwa na mshahara. Nilimwambia nitamnunulia gauni mwezi ujao. Nilikuwa nimemwambia hivyo pia mwezi uliopita. Nilikuwa najinunulia suruali za kisasa, wakuu. Sina maelezo mengine.

Haukupita muda mrefu nikaanza kuona jambo. Mtoto anapita barabarani, ananisalimia, na mdomo umefungwa. Mwingine ananyonya kitambaa chenye damu. Nikasikia kwamba Wasonga amemleta mzee mmoja janak ambaye kazi ilikuwa imemwishia, amempa chumba nyuma ya duka. Mtoto anayetaka kazi anaingia na meno, anatoka mtu mzima. Hakuna aliyemlazimisha. Waliambiwa hii ndiyo sheria, karani wa chifu mwenyewe ameisema mbele ya serikali.

Mila ilikuwa na wakati wake na watu wake. Mtoto alisubiri akomae, akaandaliwa, akakaa na shangazi zake mpaka apone. Hawa waliingia kwa foleni kama wanaokwenda kunyolewa. Chuma kilikuwa kile kile.

Nilimwambia chifu. Akasema si ni mila, tuikatazeje? Nilitaka kumwandikia ofisa. Nilikaa na kalamu. Ningemwandikia nini, kwamba nilichokwambia kilikuwa ujinga? Nikaahirisha. Nikasema nitaandika wiki ijayo, baada ya kuona vizuri.

Akinyi alikuja ofisini na chakula. Aliweka bakuli mezani, hakwenda kukaa kwenye ngazi. Alisimama mbele yangu, shavu moja limevimba, akatabasamu.

"Nera, sasa mimi ni mkubwa."

Nilimuuliza nani alimruhusu. Alinishangaa.

"Si ni wewe ulisema?"

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anajivunia. Alifikiri nitafurahi.

Nilimpeleka kwa Mwalimu Dorsila kwa sababu sikujua pengine pa kumpeleka. Mwalimu alimsukutua mdomo kwa maji ya chumvi, akamlaza, akaniambia nimwendee dresa wa zahanati. Dresa akaja, akatoa dawa aliyokuwa nayo. Kwa siku chache akawa nafuu. Alikuwa anauliza kama kitambaa chake bado kipo dukani.

Kisha asubuhi moja hakuweza kufungua mdomo kunywa uji. Taya limekaza. Mgongo ukaanza kupinda. Dresa alipomwona alikaa chini kwenye kigoda akasema ni pepopunda.

Nilituma mtu Sori. Yunia alikuja kwenye lori la samaki, akamwomba dereva asizime gari, tukampandisha Akinyi tukaelekea Homa Bay kupitia Ndhiwa. Barabara mnaijua, na wakati ule ilikuwa mbaya zaidi. Kila gari lilipogonga shimo mwili wa mtoto ulikakamaa upya. Yunia alimshika kichwa njia nzima. Hakuniuliza kitu. Nilitaka aniulize.

Hospitalini walifanya walichoweza. Akinyi alikufa mchana, akiwa na akili zake zote, akisikia kila neno tulilosema, hawezi kujibu. Yule mtoto wa maneno mengi.

Wakuu, nitafupisha hapa.

Mwalimu Dorsila ndiye aliyemwandikia ofisa. Safari hii ofisa alikuja haraka, na hakucheka. Wasonga akafikishwa kwa hakimu Homa Bay.

Utetezi wake ulikuwa mfupi. Alisema hajaajiri mtoto. Ameajiri watu wazima kwa alama iliyotolewa barazani na karani wa chifu, na ofisa wa serikali akaikubali. Akaomba niitwe.

Niliitwa. Hakimu akaniuliza kama ni kweli nilisema hivyo. Nikasema ni kweli.

Kisha akasema, "Karani, fungua mdomo."

Nikafungua. Meno yangu yote yalikuwepo.

"Kwa hiyo wewe ni mtoto?"

Hakuna aliyecheka. Nikasema hapana, mheshimiwa. Akasema nikae.

Baada ya hapo alisema sheria inahesabu miaka, haihesabu meno, na akaomba akina mama waingie. Wale wale waliokaa juani barazani. Waliingia mmoja mmoja kwa mavazi yao ya Sabato, kila mmoja akasema alizaa lini, na ofisa akatoa tarehe za mashine, za barabara, za ukame. Miaka ikajitokeza yenyewe. Hakuna hata mtoto mmoja aliyefika umri.

Yunia aliitwa mwisho. Alisema alimzaa Akinyi wakati barabara ya Sori inachimbwa, siku ambayo vibarua walifika kwenye daraja, na mumewe alikuwa miongoni mwao. Hakimu akauliza kama kuna mwingine anayeijua siku hiyo.

"Yupo," Yunia akasema. "Aliyetumwa kukimbia kumwita baba yake kazini ni huyu ndugu yangu. Alikuwa kijana mdogo, alirudi anahema, akamwona mtoto kabla hajaoshwa. Anajua umri wa Akinyi kuliko mtu yeyote hapa."

Ilikuwa kweli. Nilikumbuka ile mbio. Nilikumbuka koleo begani kwa shemeji yangu akija nyuma yangu. Siku ya baraza nilikuwa shahidi kama akina mama wale, na nilisimama nikazungumzia meno.

Wasonga alipatikana na hatia. Alipigwa faini, kibali kikafutwa, akahamia kwingine na baiskeli yake. Watoto wakatoka kwenye mawe, si wote, lakini wengi, na Mwalimu Dorsila aliwapokea darasani na mapengo yao. Alifundisha mpaka akastaafu. Hakuwahi kunitukana. Tukikutana aliniambia, "Karani, siku hizi tunawasikiliza akina mama kwanza?" Nami nikasema ndiyo, Mwalimu.

Niliacha ukarani baadaye. Nimelima, nimefuga, nimekaa kwenye kamati za shule. Kila mahali walipokuwa wanatafuta njia fupi ya kujua mtoto ni nani, nimebisha mpaka nikachukiwa.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtu anayefaidika na mtoto akikuletea kipimo rahisi, kikatae, hata kama unaona kinakusaidia. Ameshafikiria hatua ambayo wewe hujaifikiria. Na sheria nzuri inahitaji mtu wa kuvumilia jua ili neno refu la mama lisikike mpaka mwisho.

Ninyi mnaoishi karibu na machimbo, Nyatike, Suba, hata Sindo kule kwenye mialo ya wavuvi ambako watoto hawaendi shule kwa sababu ya samaki, semeni mnachokiona. Mnaofanya kazi za sheria, nielezeni siku hizi mtoto asiye na cheti anathibitishwaje, nami nitasoma polepole. Aliyeandika kwamba wamezoea, sina ugomvi nawe. Mimi pia nilikuwa mcheshi barazani.

Meno yangu ya chini yameisha sasa, yametoka yenyewe.

Yunia alirudi Sori kutoka mahakamani kwa lori lile lile. Nilimfuata mara nyingi. Alinipa kiti, akanipa maji, na hakuzungumza nami tena mpaka alipokufa akiwa bibi kizee. Kwenye mazishi yake nilikaa na wageni.

Jibu langu barazani lilimgharimu Akinyi maisha yake. Mimi lilinigharimu okewa wangu huyo, yaani mpwa, ambaye nilijua ni mtoto, na dada yangu wa pekee.